Wilf Kinyumenyume

Skelthorpe Fen, Lincolnshire
14 Novemba 1967

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Santuri,
London

Bwana,

Mimi ni mjane wa Wilfred Mawer, aliyekuwa mpiga plau wa kijiji hiki. Mmemwimbisha kinyumenyume kwenye santuri yenu, bila kumwuliza yeye alipokuwa hai wala kuniuliza mimi baada ya kumzika.

Nieleze taratibu, maana mtu wa London akitaka kutoelewa haelewi. Jumamosi iliyopita Maureen, binti wa mpwa wangu, anayeuza viatu mjini Boston hapa jirani, alikuja na santuri ya vijana wanaojiita Bunge la Bundi. Aliinunua kwa sababu nyuma ya jalada, kwa herufi za kutafutia miwani, pameandikwa "Shukrani kwa W. Mawer." Akaweka kigramafoni chake chekundu juu ya meza yangu ya jikoni, akaishusha sindano. Kwanza nikasikia mtu anayameza maneno badala ya kuyatoa. Halafu nikasikia pumzi. Bwana, nimelala kando ya pumzi ile miaka arobaini na moja, na siwezi kuikosea.

Nimeitazama picha ya jalada pia. Vijana watano wamesimama katikati ya shamba la viazisukari la mtu, wamevaa mapazia. Chini mmeandika kwamba sauti inayofungua santuri ni "ya kuhani wa kale wa nyanda za maji, katika lugha iliyosahauliwa." Wilf hakuwa kuhani. Alikuwa Mmethodisti. Na aliimba Kiingereza cha kawaida mpaka mlipomgeuza.

Hamjui mlichokifanya, kwa hiyo nitawaambia. Ule ulikuwa wimbo wa Krismasi, mizunguko yake ya sauti naijua hata ikigeuzwa, na ndani yake mna jina la Bwana. Huku kwetu kila mtu mzima anajua ni watu gani wanaosema maneno matakatifu kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na wanayasema kwa nia gani. Mimi siamini mambo hayo. Bibi Tointon wa nyumba ya pili anayaamini, na tangu Jumapili ametundika jiwe lenye tundu, la kukinga uchawi, mlangoni pake, upande unaotazama kwangu. Nimeishi jirani naye tangu mwaka 1931.

Iondoeni sauti ya mume wangu kwenye santuri hiyo. Na mniambie alipo Piers Ansell, yule kijana aliyekuja hapa na kinasa sauti.

Bi. Ivy Mawer


London
20 Novemba 1967

Mpendwa Msikilizaji,

Bunge la Bundi wanakushukuru kwa barua yako ya upendo. Kwa sababu ya wingi wa barua zinazoingia kila siku, hawawezi kumjibu kila mmoja kwa mkono wao. Tunafurahi sana kusikia kwamba santuri yao "Shamba la Mwezi" imegusa maisha yako.

Pamoja na barua hii pokea picha yao yenye saini. Endelea kuota.

P. Lascombe (Bi.)
Idara ya Wapenzi wa Muziki


Skelthorpe Fen
22 Novemba 1967

Kwa Piers Ansell, kwa mkono wa mama yake

Bwana Ansell,

Kampuni yako imeniletea picha yako pamoja na bendi yako, ukiwa na shanga shingoni. Ninashukuru, maana makaa ya jiko yalikuwa yanakawia kushika.

Nilikumbuka kwamba ulituachia anwani ya mama yako, kwa hiyo naandika hapo. Kama anaisoma barua hii kabla yako, basi Bibi, salamu, na pole kwa mtoto uliyemzaa.

Nikukumbushe, labda shanga zimekusahaulisha. Septemba ya mwaka jana ulifika hapa kwa pikipiki, umetota kwa mvua, kinasa sauti umekifunga blanketi kuliko ulivyojifunga mwenyewe. Nikakausha suruali yako juu ya jiko, ukaketi mezani pangu umevaa ya Wilf, miguu ikielea ndani. Ulikula vipande vitano vya mkate wangu wa zabibu, na jibini. Wilf alikuimbia nyimbo za plau, na za baa zile anazoimba nisipokuwepo. Halafu, Septemba ile, akakuimbia wimbo wa Krismasi. Sikuwahi kumsikia akiutoa nje ya msimu wake, hata kwa kuombwa. Nilishangaa. Ubeti wa mwisho sikuusikia, kwa sababu nilikwenda chumba cha vyombo kukukatia kipande cha sita.

Ulipoondoka ulinishika mkono ukasema, "Bibi Mawer, tepu nitairudisha kabla ya Krismasi." Sasa naona hukusema Krismasi ipi.

Wilf alifariki tarehe kumi na nne Februari. Nataka tepu yangu.

Ivy Mawer


London
28 Novemba 1967

Mpendwa Bibi Mawer,

Amani kwako na kwa nyumba yako.

Barua yako imenifikia kupitia kwa mama, ambaye kweli aliisoma kwanza, na hajaongea nami tangu hapo. Nilisikitika mno Machi niliposikia kwamba Wilf ametutoka. Siku ile nilizima mashine zote studioni nikakaa sakafuni.

Naomba unielewe. Hatukutaka kumdhihaki. Sauti inapogeuzwa inatoka kwenye saa na kalenda. Tulitaka msikilizaji aingie kwenye santuri kama anavyoingia usingizini, asijue aliyemshika mkono ni nani. Vijana wanatuandikia kutoka kila pembe. Mmoja wa Leeds anasema anasikia sauti ikimwambia, "Mlango u wazi." Msichana mmoja aliacha kazi benki kwa ajili ya dakika ile moja na nusu. Kwa namna yake Wilf sasa anaimba kwenye maelfu ya nyumba. Yale ya kuhani wa kale aliyaandika mtu wa matangazo, na mimi niliyapinga, ingawa si kwa nguvu.

Usihofu kuhusu tepu. Iko salama kabisa, ghalani kwa kampuni.

Kwa upendo,
Piers


Skelthorpe Fen
1 Desemba 1967

Bwana Ansell,

Kwa hiyo ulijua tangu Machi. Ulikaa sakafuni, lakini sakafuni hakuna kalamu.

Huyo wa Leeds anayesikia mlango u wazi, mwambie aende akaufunge, baridi inaingia. Na msichana wa benki mrudishe kazini. Wilf hakuwahi kumshauri mtu aache kazi.

Sasa nikueleze jambo ambalo ungepaswa kuliuliza mezani pangu badala ya kuuliza kama kuna jibini zaidi. Huku kwetu wimbo una mwenyewe. Wimbo wa farasi wa kijivu ni wa Arthur Leake, na ukiuanzisha baani Arthur yupo, watu wanaweka bilauri chini wanakuuliza, "Nani amekupa?" Arthur akifa, utakuwa wa yule aliyempa kwa kinywa chake. Usipopewa, unausikiliza tu, hata kama unaujua neno kwa neno. Mimi naujua wimbo wa Krismasi wa Wilf, maneno karibu yote, lakini si wangu, na ile mizunguko yake ya sauti sijawahi kuiweza.

Wilf alipewa na baba yake, baba akiwa kitandani. Kila Krismasi, saa moja asubuhi, alikwenda nyumba kumi na moja za barabara hii, akasimama mlangoni, kofia mkononi, hata kwenye theluji, akaimba. Ni wimbo wa yule mchungaji aliyeachiwa kondoo wakati wenzake wanakimbilia Bethlehemu, akafika siku ya pili. Watu hapa hawakati mkate wala hawafungui zawadi kabla Wilf hajapita. Krismasi iliyopita alifika nyumba tatu, kifua kikamshinda, na zile nane zilimsubiri hata hivyo.

Hatukujaliwa mtoto. Januari, alipokuwa hoi, nilimwuliza, "Wimbo unamwachia nani?" Akanijibu, "Hilo limeshakwisha, Ivy, lala." Nikajua ni homa inasema. Hakuna aliyepewa. Umekufa naye, isipokuwa huko kwenye tepu yako.

Kwa hiyo sikiliza. Maureen anaweza kupata kinasa sauti cha kuazima. Asubuhi ya Krismasi nitakiweka dirishani, na watu wa barabara hii watamsikia Wilf mara ya mwisho, kuanzia mwanzo kwenda mwisho, kama Mungu alivyokusudia. Basi. Sitaki jina lake kwa herufi kubwa, wala shukrani. Nataka tepu ifike hapa kabla ya tarehe ishirini na tano.

Ivy Mawer


London
9 Desemba 1967

Mpendwa Bibi Mawer,

Samahani kwa kuchelewa. Kumekuwa na mambo mengi, na bendi haiko vizuri.

Kuhusu tepu: mwenye funguo za ghala yuko likizo, kisha kuna kuhesabu vitu vya mwisho wa mwaka, na wanasema mpaka Januari hakuna kinachotoka wala kuingia. Je, Januari isingefaa? Ningekuletea mwenyewe.

Naomba kukuuliza swali, na usilichukulie vibaya. Wilf hakukuambia chochote kuhusu siku ile? Tulichozungumza mimi na yeye?

Nimekuwekea ua lililokaushwa, la kutoka bustani ya rafiki.

Wako,
Piers


Skelthorpe Fen
12 Desemba 1967

Bwana Ansell,

Ua limefika likiwa unga. Nimefungua bahasha nikapiga chafya.

Mlizungumza nini cha kunificha, wewe na mzee wa miaka sabini na moja uliyemjua kwa alasiri moja? Kama alikuambia ile hadithi ya jogoo wa mchungaji wa kanisa, nimeisikia. Usinipeleke pembeni.

Nilifanya kazi ya kukamua ng'ombe kwa watu kwa miaka kumi na tisa, na mtu anayesema maziwa yako njiani namjua kwa macho yake. Wewe sikuoni macho, lakini barua yako inayo. Tepu iko wapi?

I. Mawer


London
16 Desemba 1967

Bibi Mawer,

Tepu haipo.

Nilianza barua hii mara nne kwa maneno mazuri. Sasa nakuambia ilivyokuwa. Studioni tunafanya kazi kwa wembe. Tepu unailaza kwenye kijitaro cha chuma, unaikata pale unapotaka, unaunganisha kwa utepe wa gundi. Vipande vinaning'inizwa ukingoni mwa meza, na kila kimoja kinaandikwa kwa penseli ya nta. Sauti ya Wilf tuliikatakata. Beti za mwanzo tulizifanya mapete, ncha kwa ncha, tukayazungusha kwenye chupa ya maziwa ili yajirudie, halafu hatukuyapenda, tukayatupa. Kilichobaki kwenye gurudumu la tepu, mtu alirekodi matoazi juu yake. Hakujua. Mimi nilikuwepo, na nilijua, na saa kumi alfajiri niliona ni jambo dogo.

Kilichosalia ni ubeti wa mwisho na kidogo cha baada yake. Ndicho unachokisikia mwanzo wa santuri, kikiwa peke yake kabla ya magitaa, kimegeuzwa. Tepu kuu ya santuri iko kwa kampuni. Nimewaomba wanipe nafasi niirudishe sauti sawa kwa ajili yako, wakasema labda Januari, na labda hapana, kwa sababu tangu Jumanne mimi si mwanachama wa bendi tena. Kwa Krismasi sina njia. Nimefikiri kila upande na hakuna.

Nilikudanganya kuhusu ghala. Kuna jambo jingine ningelisema, lakini niliahidi nisiseme, na hiyo ndiyo ahadi pekee ninayoweza kusema sijaivunja kwa kinywa.

Piers Ansell


Skelthorpe Fen
19 Desemba 1967

Bwana Ansell,

Mliizungusha kwenye chupa ya maziwa.

Nilikuvisha suruali ya mume wangu. Ukaja ukamkata kwa wembe, mkamtundika ukingoni mwa meza, kisha mkampigia matoazi juu. Wewe ni mwizi, na mwizi mzembe, maana hata ulichoiba hukukitunza. Usiniandikie. Usikanyage kijiji hiki. Ahadi zako kaa nazo.

Bi. Wilfred Mawer


Skelthorpe Fen
27 Desemba 1967

Piers,

Nilisema usiniandikie. Sikusema mimi sitakuandikia, kwa hiyo soma mpaka mwisho na usiruke.

Asubuhi ya Krismasi, saa moja, nilifungua pazia nikakuta watu getini. Hakuna aliyewaalika. Arthur Leake na mkewe, akina Codd wote sita, hata Bibi Tointon, aliyeacha jiwe lake nyumbani. Walikuja kwa mazoea. Walikuwa wanatazama mlango wangu kama ng'ombe saa ya kukamuliwa, na mimi sikuwa na cha kuwapa. Tukasimama hivyo, wao nje na mimi ndani ya kioo. Mwishowe Arthur akavaa kofia yake akasema, "Haya," wakaondoka. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa nimefanya kosa lolote.

Nilirudi ndani nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo. Hasira ikinipata mimi hufuma. Nilikuwa nafuma soksi, na kwa kuwa macho yalikuwa na maji nikakosea kisigino, safu nane nyuma. Basi unajua mfumaji anafanya nini. Au hujui, mama yako akufundishe. Hukati. Ukikata umeharibu. Unachomoa sindano, unavuta uzi, na uzi unarudi kwa njia ile ile uliyopitia, fundo kwa fundo, mpaka unafika pale palipokuwa pazuri. Nilivuta safu ya tano nikasimama na uzi mkononi.

Kigramafoni cha Maureen kilikuwa bado kwenye kabati langu. Alikiacha kwa sababu mama yake hapendi kelele. Nikakichomoa ukutani, umeme usinitangulie. Nikaweka santuri yenu juu yake, nikaishusha sindano pale mistari inapobadilika, pale magitaa yenu yanapoanza kulia. Nikaweka kidole kwenye karatasi ya katikati, juu ya picha ya bundi, nikaizungusha kuelekea kushoto.

Mara ya kwanza alikuwa amelewa. Mara ya pili alikuwa fahali. Nilizungusha pipa la siagi ujana wangu wote, najua mkono ukishapata mwendo wake haupaswi kuwaza, kwa hiyo nikaacha kuwaza. Mara ya sita Wilf akaingia jikoni.

Wenzangu walikimbia, nikabaki na kondoo;
Nilipofika zizini, nilikuta nyasi joto.
Aliyekuja wa mwisho naye pia ni mgeni:
Fungueni, mwenye nyumba, nimefika mlangoni.

Sauti ilikuwa inayumba kidogo, kwa ajili ya kidole changu, lakini ilikuwa yake, na ile mizunguko ilikuwepo yote. Nililia, sikufichi. Nilidhani yameishia hapo. Kumbe sindano ilikuwa bado ina njia ya kwenda mpaka ukingoni, na mimi mkono haukusimama.

Kiti kikalia. Akakohoa. Halafu akasema, na nakuandikia neno kwa neno, maana nimeyarudia mpaka kidole kimetoka lengelenge:

"Umeupata, kijana? Basi ni wako sasa, nimekuachia. Lakini ni wa mlangoni, asubuhi ya Krismasi, kofia mkononi, na si mahali pengine. Ivy usimwambie. Daktari amenipa mpaka majira ya kuchipua, na yule mwanamke akijua ataacha kula. We Ivy, mkate uko wapi? Huyu mtoto amekonda kama reki."

Kwa hiyo huyo ndiye kuhani wenu wa kale. Yule msichana aliacha kazi benki kwa ajili ya mkate wangu wa zabibu.

Nina mengi ya kusema na sijui nianze na nani. Nianze na marehemu. Nimemkasirikia Wilf tangu Jumatatu, nimemsemesha kwa sauti jikoni, Bibi Tointon akaja kuuliza kama nina mgeni. Miezi mitano aliniangalia nikimpigia hesabu za kupanda viazi vya Aprili, naye akiitikia, "Ndiyo, Ivy, safu nne." Alijua. Alimwambia mtu wa pikipiki, mimi akanificha. Nikifika huko aliko nitamwuliza vizuri.

Sasa wewe. Nilikuita mwizi. Nilikuita hivyo kwa maandishi, tena kupitia mikononi mwa mama yako. Nawe ulikuwa na jibu mfukoni muda wote, "Wilf alinipa," maneno mawili tu, yangenifunga mdomo. Hukuyatoa kwa sababu uliahidi. Hilo nimeliona na nimeliweka mahali pake.

Lakini usijinyooshe miguu bado. Ulipewa wimbo kwa sharti, kijana. Mtu aliyehesabiwa miezi alikutazama machoni akakupa kitu cha baba yake, akakuambia pa kukiimba, saa ya kukiimba, na kofia iwe wapi. Ukakichukua ukakifanyia michezo ya chupa. Mimi niliona kosa lako ni kuuchukua wimbo usio wako. Kumbe ulikuwa wako, na kosa lako ni kubwa zaidi ya hilo. Siku ya Jumatatu saa moja asubuhi mwenye wimbo alikuwa hai, ana miguu miwili na pikipiki, na watu walisimama getini kwangu kwenye barafu wakimsubiri, wala hawakujua wanamsubiri nani. Ulikuwa wapi?

Nijibu hilo tu. Mengine yote nimeshajijibu.

Ivy Mawer


London
30 Desemba 1967

Mpendwa Bibi Mawer,

Niliishia stesheni ya Boston. Nilifika kwa treni tarehe ishirini na nne mchana, nikasoma tena barua yako pale kwenye benchi, "usikanyage kijiji hiki," nikapanda treni ya kurudi.

Sikuwahi kufikiria kidole. Tuna mashine za kila aina, na watu wanne wenye vyeti, na hakuna aliyefikiria kuichomoa ukutani tu.

Utauliza kwa nini niligeuza, na safari hii sitakuambia habari za ndoto. Wenzangu walitaka wimbo uwe wa kwanza kwenye santuri, wenye ngoma na kila kitu. Nilikataa, kwa sababu Wilf alisema si mahali pengine. Waliniuliza kwa nini, na sikuweza kuwaambia bila kusema habari ya daktari. Ndipo nikapata akili ninayoionea haya hadi leo: kwamba ukigeuzwa si wimbo tena, kwa hiyo nitakuwa sijauimba popote. Neno nimelishika na santuri nimeipata. Nilijiona mwerevu sana. Na yale maneno yake ya mwisho nilishindwa kuyakata. Kila nilipoweka wembe nilimsikia akiita mkate. Nikaona nikiyaacha yakiwa yamegeuzwa yatakuwa mahali ambapo hakuna atakayeyafikia.

Beti zote ninazo. Nimezisikia mara mia mbili na zaidi kabla ya kuzikata, na kila mzunguko wa sauti naujua. Sijawahi kuuimba kwa kinywa changu hata mara moja, hata bafuni. Sasa hakuna wa kumwuliza siku nyingine inayofaa, na Krismasi imepita. Niambie la kufanya nitalifanya.

Piers


Skelthorpe Fen
1 Januari 1968

Piers,

Bibi yake Wilf, mzaa baba, hakuikubali kalenda mpya kamwe. Alisema serikali iliiba siku kumi na moja zama za mababu, na ya kumi na mbili baadaye, na kwamba Krismasi ya kweli ni tarehe sita Januari. Akawa anapika bata siku hiyo na kumtupia mchungaji wa kanisa macho. Wazee wa huku bado wanaiita Krismasi ya zamani. Nimemwuliza Arthur Leake kama inafaa. Alitafuna mtemba wake muda mrefu, akauliza, "Nani amempa?" Nikamwambia, "Wilf, kwa kinywa chake, na nimemsikia." Akasema basi inafaa, na akina Codd wamekubali, na Bibi Tointon anasema mchungaji wa wimbo mwenyewe alichelewa, kwa hiyo asichekwe mtu.

Sijakusamehe ile chupa. Sijui kama nitaisamehe. Lakini hilo ni baina yangu na wewe, na milango kumi na moja haihusiki.

Hutaleta gitaa. Hutavaa pazia. Jibu kwa simu ya maandishi.

Ivy Mawer


SIMU YA MAANDISHI
LONDON, 3 JANUARI 1968

NAKUJA IJUMAA JIONI. GITAA SILETI. KOFIA SINA NITAAZIMA. PIERS


SIMU YA MAANDISHI
SKELTHORPE FEN, 3 JANUARI 1968

USIAZIME. YA WILF IPO MSUMARINI NYUMA YA MLANGO. IVY